Lugha ya Askari Kanzu

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tumezoea maneno yanayovaa sare. Chukua kitenzi pika. Afanyaye kazi hiyo ni mpishi, kazi yenyewe ni upishi, na namna zake ni mapishi. Hata ukilikuta neno limesimama peke yake, utalitambua kwa mavazi yake.

Kiingereza kimejaa askari kanzu. “Cook” ni kupika, na “cook” huyo huyo ndiye mpishi. “Water” ni maji, na pia ni kumwagilia. Utajuaje basi? Tazama lilipoketi. Likitanguliwa na “the”, mara nyingi ni nomino. Likifuata “will”, ni kitenzi. Mahali ndiyo sare yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza waliita mapenzi “lufu”, na kupenda “lufian”. Karne zikapita, viishio vikamezwa vinywani mwa watu, na leo yote mawili ni “love”.

Yapo maumbo yanayotumikia mabwana wawili. “Broken” huwa sehemu ya kitenzi, kisha hukaa mbele ya kiti kama kivumishi. “Swimming” ni kitenzi, na pia ni jina la mchezo. Hapa Mswahili si mgeni, kwani hata kuogelea kwetu ni kitenzi na nomino kwa pamoja: twasema kuogelea kwake kunapendeza.

Kinachotutoa jasho hasa ni wakati uliopita. Kwetu -li- yatosha: nilisoma, nilikwenda, nilikula. Wao wana “walked” inayofuata kanuni, “cut” isiyobadilika, na “went”, ambayo asili yake ni kitenzi kingine kabisa, “wend”, kilichoazimwa kuziba pengo la “go”.

Nakumbuka mwenzetu mmoja darasani aliyechapwa kwa kuandika “goed”. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Lakini watoto wa Uingereza nao husema “goed” wanapojifunza kuongea, na wazazi wao hucheka kwa furaha. Mtoto asemaye hivyo hajaiga mtu. Ameigundua kanuni mwenyewe, akaitumia mahali ambapo lugha yenyewe imeikiuka. Hiyo ni akili, si ujinga.

Nalisema hili kwa sababu Tanzania ingali inafundisha masomo mengi ya sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyenyamazishwa katika kipindi cha lugha huenda na kimya chake hadi kwenye hesabu na fizikia, nasi humwandika kuwa hajui, kumbe anaogopa. Mwalimu akikutana na “goed”, na amsifu kwanza kwa kuijua kanuni, ndipo amfundishe “went”. Fimbo haijapata kumweleza mtu kwa nini lugha ya watu iko ilivyo.