Ukielekea Werugha, anza na rejeta

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi au Mombasa na unatafuta mahali pa kuipeleka familia wikendi bila kugharimika mno, basi ifikirie Werugha. Mahali hapa pako juu katika Milima ya Taita, ukishapita mji wa Wundanyi. Utaona mashamba yaliyokatwa matuta kwenye miteremko, migomba, kabeji na vijito, na asubuhi mtoto wa Mombasa atakuomba sweta. Karibu na hapo upo msitu wa Ngangao, wenye ndege ambao hawapatikani kwingine duniani isipokuwa katika milima hii. Kilele cha Vuria nacho kina urefu wa mita 2,208, na mawingu yakiondoka utauona Kilimanjaro.

Lakini kabla hujafunga virago, msomaji mpenzi, hebu tulitazame gari lako. Kama ni kigari cha zamani, tuseme Datsun 120Y au Toyota Starlet, safari hii itakupima.

Mji wa Voi uko kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari, na jua lake si la mchezo. Kutoka hapo hadi Mwatate barabara haina taabu. Baada ya Mwatate huanza kona juu ya kona, na kufikia Werugha utakuwa umepanda zaidi ya mita 1,000. Gari hupanda kwa gia ndogo: injini inafanya kazi ya punda, ilhali mwendo ni wa polepole na upepo unaopiga rejeta ni haba. Isitoshe, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 huko pwani, Werugha huchemka kwa takriban 95. Mfuniko wa rejeta ulio mzima huyabana maji yasichemke upesi, lakini uliolegea hauna faida.

Adui mwingine ni uchafu. Wengi wetu huongeza maji yoyote tunayoyapata njiani, hata ya visima vya chumvi. Chumvi na kutu huganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na maji hayapiti tena sawasawa. Kwa hivyo, safisha ukiwa nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari.

Kwanza, hakikisha injini imepoa kabisa. Usithubutu kufungua mfuniko ikiwa moto, kwani maji yataruka na kukubabua uso. Weka beseni chini, fungua koki iliyo chini ya rejeta, au chomoa mpira wa chini, uache maji yote yatoke. Kama gari lina hita, iweke kwenye joto ili maji yaliyomo humo nayo yatoke. Kisha funga, jaza maji safi, washa injini mpaka ipate moto, izime, ingoje ipoe, na umwage tena. Rudia mpaka yatoke meupe.

Hapo ndipo utie dawa ya kupozea injini, ambayo mafundi huiita kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Hiyo huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Acha mfuniko wazi, injini iungurume polepole hewa itoke, uongeze kinachopungua, halafu ufunge. Tazama pia mipira iliyopasuka na mkanda wa feni. Fundi akikushauri aitoe themostati na kuitupa, kataa. Bila hiyo, katika baridi ya Werugha injini itachelewa kupata moto na kula petroli bure.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Aina nyingi za kulanti ni sumu, na zina utamu unaowavutia mbwa, mbuzi na hata watoto. Usiimwage kamwe kando ya barabara wala kijitoni. Mto Voi wenyewe huanzia katika milima hii, na kabla haujafika mjini watu huchota, hunywesha mifugo na kumwagilia mboga. Maji machafu ya gari lako yatie kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike "sumu", uuweke mbali na watoto, kisha umpelekee fundi wa gereji anayekusanya taka za magari.

Na mshale wa joto ukipanda kule kwenye kona, usishindane nao. Egesha pahali salama, zima injini, waache watoto watazame bonde la Mwatate kwa nusu saa au zaidi. Werugha haihami. Safari njema!