Mikanda Minne na Kiti cha Nyuma

Vijana wengi wa Nairobi wakipata gari hutia redio kwanza, au rimu, au mafla ya kuamsha mtaa mzima. Kaka yangu alitia mikanda. Naisimulia habari yake kwa sababu ilitugombanisha nyumbani kwa miezi, na kwa sababu wenzetu wengi wanaitamani mikanda hiyo bila kuuliza inafungwa wapi.

Chanzo ni Safari Rally. Mbio hizi zilianza mwaka 1953, zikawa katika ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, kisha zikaondolewa. Sisi tulikua tukisikia majina ya Joginder Singh, aliyeshinda mara 3, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, kama mtu asikiavyo habari za mashujaa wa kale. Mwaka 2021 ubingwa ukarudi Kenya, safari hii Naivasha, na kaka akaenda kusimama vumbini kutwa nzima. Aliyeshinda ni Sébastien Ogier, Mfaransa, ndani ya Toyota Yaris. Kaka alirudi na macho mekundu, wala haongei habari za Ogier. Anaongea habari za mikanda.

"Umeona walivyofungwa? Gari linaruka, wao hata bega halitikisiki!"

Nyumbani tulikuwa na Corolla. Gari la kazi, gari la kanisa, gari la kumpeleka shule binti yake wa miaka 6, na usiku gari la kumkimbiza jirani hospitali. Mwaka uliofuata kaka akaja na mfuko wa plastiki, ndani mikanda myekundu ya pointi nne, mtumba, shilingi 9,000. Kwenye lebo palishonwa mwaka wa mwisho wa matumizi: 2014. Mikanda ya mbio ina umri, msomaji. Nyuzi zake huchoka kwa jua na kwa kuvutwa, ndiyo maana hupewa miaka michache tu kisha hubadilishwa.

"Hiyo ni tarehe ya Wazungu," kaka akasema.

Tukaenda kwa fundi, gereji ya chini ya mwembe. Fundi akaigeuza mikanda mkononi, akauliza swali ambalo baadaye lilikuwa ndilo swali lenyewe: "Sasa hii ya mabega tunaifunga wapi, bosi?"

Kwenye gari la mbio kuna mabomba ya chuma yaliyochomelewa ndani kama kizimba, na mikanda ya mabega hufungwa kwenye bomba lililo nyuma ya kiti, karibu usawa wa mabega. Corolla haina bomba. Ina matundu ya bolti ambayo kiwanda kiliyaweka sakafuni kwa ajili ya mikanda ya abiria wa nyuma. Fundi akachukua spana, akaing'oa mikanda ya nyuma, akafunga ya kaka mahali pake. Kazi ya saa moja. Nikauliza walio nyuma watajifunga nini. Kaka akanijibu kwamba nyuma hakuna kioo cha kugonga.

Nikiri kwamba alipendeza. Aliketi, akavuta kulia, akavuta kushoto, akawa mtu mmoja na kiti. Jioni moja aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba kutwa nzima anasukumwa, na mkubwa wa kazi, na madeni, na foleni, na dakika ile ya kukaza mikanda ndiyo peke yake anayojisikia ameshikwa. Nilimwelewa. Mpaka leo namwelewa.

Lakini jiji halikumwelewa. Mkanda wa kawaida, ule wa pointi tatu ambao Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959, unakuachia uiname polepole, na unakubana pale tu unapotupwa. Wa mbio hauachii. Kwenye njia panda kaka hawezi kuinama kuchungulia lori. Expressway ilipofunguliwa mwaka huo huo, akawa anafika kwa mlipishaji mkono haufiki dirishani. Inabidi alegeze mikanda, alipe, akaze tena, na nyuma honi zinalia. Akaanza kuilegeza tangu nyumbani. Na mkanda wa mbio uliolegea ni pambo tu.

Jumapili mama akafungua mlango wa nyuma. Akakuta mikanda miwili myekundu imepita katikati ya kiti kama kamba za kuanikia nguo. Akaingia, akamvuta mjukuu, akapapasa kiti huku na huku.

"Wangu uko wapi?"

"Mama, huko nyuma ni salama."

"Mwanangu, hata matatu ina mkanda siku hizi."

Ni kweli. Tangu Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kazi, matatu ilitakiwa kuwa na mkanda kwa kila abiria. Kukuu, una mafuta ya kila mtu, lakini sheria iliuona uhai wa aliyeketi nyuma. Mama akashuka na mtoto wakaenda stendi. Jumapili sita mfululizo walipanda matatu, na sisi tukiwafuata na gari tupu.

Hakukuwa na kelele. Kaka alikuwa akisema, "Mama ananiaibisha mtaani." Mama hakusema kitu.

Usiku mmoja nilichukua kalamu, nikamfanyia hesabu ya fizikia ya kidato cha tatu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kugonga ukuta ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Mtoto wa kilo 20 asiyefungwa, akisimamishwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hugonga kilicho mbele yake kwa nguvu kama uzito wa kilo 280. Na kilicho mbele yake ni mgongo wa kiti chako, kaka. Wewe umefungwa, huwezi hata kusogea kando.

Akaiangalia karatasi muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mimi mwenyewe?"

Nikamweleza. Mikanda inayotoka begani na kushuka sakafuni hukandamiza uti wa mgongo gari linapogonga. Bila mkanda wa kati ya miguu, wa kiunoni huvutwa juu ukaingia tumboni. Gari likibingirika na paa likabonyea, yeye amesimamishwa wima chini yake. Na kifua kikishikwa barabara, kichwa huendelea na safari peke yake: Dale Earnhardt, bingwa wa Marekani, alifariki Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu, naye hakuvaa kishikizo cha kichwa na shingo. Akina Ogier wanavaa. Wana helmeti, kizimba, kiti maalumu. Kaka alinunua kipande kimoja tu cha ukoo mzima.

Jumamosi akaenda kwa fundi mwenyewe, hakuniambia. Mikanda ya nyuma ikarudi kwenye bolti zake. Ile myekundu haikuuzwa wala kutupwa. Inaning'inia kwenye msumari chumbani kwake, na anaweka akiba ya gari la mbio lenye kila kitu, litakalobaki uwanjani. Simcheki.

Wenzangu wanaotamani mikanda hiyo, sisemi msitamani. Nasema tu, kabla hujamwambia fundi ashike spana, fungua mlango wa nyuma uone tundu la bolti lile ni la nani.