Bihawana, Msimu wa Pili

28 Agosti, Dodoma
Nimeingia usiku, baada ya safari ndefu kutoka Mazingara kwa Mkata, Chalinze na Morogoro. Kuanzia Gairo hewa ilikauka, midomo ikapasuka. Nyumbani nimeacha machungwa ya mwisho chini ya miti.

29 Agosti, Bihawana
Nimeshika barabara ya Iringa. Si mbali na mjini. Hapa ndipo wamisionari wa Italia walipopanda mizabibu mwaka 1957, wapate divai ya misa. Miji ya mvinyo ya kwao, kama Montalcino, ina ngome na mitaa ya mawe. Bihawana ina kanisa, mibuyu, udongo mwekundu na jua kali, nami nimeipenda hivyo hivyo.

Mzee mwenye shamba alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akanishika mkono hadi kwenye mistari ya mizabibu. Zabibu zimejaa, nyeusi, zina vumbi. Italia wanavuna mara moja kwa mwaka, baridi ikija mzabibu unalala. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima anaulaza na kuuamsha kwa mkasi. Ndiyo maana wanavuna mara mbili, Februari hadi Machi, na tena sasa.

"Mwanangu, usipopogoa utakula majani," akaniambia.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Baba yake, aliyekuwa kibarua wa misheni. Ujuzi ulivuka ukuta wa misheni ukaingia shambani kwa Mgogo, na hilo naliona kubwa kuliko miche yenyewe.

30 Agosti, Hombolo
Zabibu ikishakatwa haisubiri. Juani huanza kuchacha mapema. Mnunuzi akichelewa, mkulima anapokea bei yoyote. Wengine wamechoka na hilo: wanakamua wenyewe, wanaweka mchuzi wa zabibu kwenye matangi, na kiwanda cha mvinyo kinaukuta ukiwa tayari. Nimeonja mvinyo wa zabibu aina ya Makutupora. Mkavu, unakaza ulimi, una nguvu ya nchi hii. Nilisimama pale kwenye tangi muda mrefu kuliko wenyeji walivyotarajia, nikiuliza bei ya pampu, usafi, nani anashika ufunguo.

1 Septemba, Mazingara
Lori la machungwa limekuja jana, limechagua, limeondoka. Yaliyobaki yanaoza, na nzi wamejaa. Kila mwaka tunabishana na madalali juu ya bei ilhali tunda lenyewe ndilo linalotuharakisha. Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Nitaomba nafasi nieleze habari za matangi ya Hombolo.