Kipande cha Mama

Kila jioni ya Ramadhani, katika nyumba yetu ya Kibokoni, mkate wa nyama hupaliwa makaa juu na chini. Mayai hupigwa hata yakafura, yakatiwa unga. Nusu ya rojo humiminwa, hutandazwa kima kilichokaangwa kwa thomu, tangawizi na dania, kisha hufunikwa kwa nusu iliyosalia.

Mama alipoambiwa ana maradhi ya sukari, tukawa twamwondolea sahani ya mkate huo. Tulidhani twamhurumia. Naye akaanza kufuturu peke yake jikoni, asitwambie neno.

Ikatubidi tuutazame mkate wenyewe. Kima na mayai hujenga mwili. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Kinachopandisha sukari kwa haraka ni unga mweupe, nao (tukiri) tulikuwa tukiuzidisha ili mkate uwatoshe wageni. Sasa twaupunguza, twaongeza kima kisicho na mafuta mengi, na kachumbari hutangulia. Mama hula kipande kimoja, pasi na mahamri wala sharbati.

"Mwanipimia nyumbani kwangu?" alituuliza usiku wa kwanza. Kisha akaashiria pembeni, palipoungua kidogo kwa makaa, akasema hapo ndipo pake.