Kuzoea Kufungwa

Kuna kaunti Ayalandi inaitwa Offaly. Watu wake hawafiki hata laki moja. Mchezo wao ni halingi: wachezaji 15 kila upande, fimbo za mbao mkononi, kampira kadogo kanapaa kama jiwe la manati. Mshahara hakuna. Mechi ikiisha, kila mtu anarudi kwa kazi yake.

Offaly walitwaa ubingwa wa nchi mara nne: 1981, 1985, 1994 na 1998. Halafu wakateleza. Mwaka wa 2018 walishuka daraja, 2019 wakashuka tena, hadi ngazi ya tatu. Lakini kufungwa si tatizo sana. Tatizo ni kukuzoea, hadi anayeota ubingwa anaonekana amechanganyikiwa.

Hiyo naielewa. Niliacha chuo karo ilipotushinda nyumbani. Sasa nikisema naandika, naulizwa, "Sawa, lakini kazi unafanya gani?" Ukiulizwa hivyo kila wiki, hata ndoto zako zinaanza kuomba ruhusa.

Offaly walianza na watoto. Mwaka wa 2022 chipukizi wao walifika fainali ya taifa, wakapoteza. 2023, fainali ya chini ya miaka 20, wakapoteza tena. 2024 wakarudi, wakaichapa Tipperary, wakabeba kombe. Mwaka huohuo timu ya wakubwa ilipanda daraja.

Kileleni bado hawajafika. Ila mtoto wa huko akitaja ubingwa, ana watu wa mtaani kwao wa kuwaonyesha kidole.

Mimi nami nina maneno 500 ya kumaliza kabla ya kesho.