Miguu Isiyotulia



Kwa miezi miwili nilimhukumu yaya wangu bila haki. Tulipokusanyika jioni kwa sala ya shirika, kwetu karibu na Kingamyambo, yeye hakukaa. Kabla fungu la pili la rozari halijaisha alikwisha inuka na kutoka, akitembea uani huku ameshika tumbo lake la miezi saba. Siku moja nikamkemea mbele ya watu: “Yaya, huheshimu sala.” Akajibu kwa sauti ndogo: “Mdogo wangu, ni kama siafu wanatambaa ndani ya miguu. Nikitembea wananiacha, nikikaa wanarudi.” Jirani mmoja akanong’ona kwamba ni ulozi. Nami nilinyamaza, kana kwamba nakubali.

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito hakushangaa. Aliuliza: je, hamu ya kusogeza miguu huanza unapopumzika? Hupungua ukitembea? Huzidi jioni na usiku? Yaya aliitikia yote matatu. Kipimo cha damu kikaonyesha upungufu wa chuma. Katika nchi yetu yenye shaba na kobalti, mwili wake ulikuwa umekosa chuma.

Baadaye nilisoma kwamba daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliyaeleza mateso haya mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akayapa jina la miguu isiyotulia mwaka 1945. Huwapata wajawazito, wagonjwa wa figo, na wengine huyarithi kwa wazazi. Kahawa, pombe na tumbako vyaweza kuyazidisha.

Yaya alipewa vidonge vya chuma. Alikula maharage na sombe pamoja na ndimu, akaacha chai wakati wa chakula, kwa maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Usiku mumewe alimkanda miguu. Asiyepimwa asijinunulie vidonge hivyo, kwa kuwa chuma kikizidi hudhuru.

Nilimwomba msamaha mahali pale pale nilipomkemea. Tangu siku ile kiti chake kiliwekwa karibu na mlango, naye akatoka na kuingia bila mtu kugeuka. Wiki chache baada ya kujifungua, siafu walimwacha.

Vijana wenzangu, katika kikundi chenu yuko nani asiyeweza kutulia? Kabla hamjampa jina, muulizeni anasikia nini mwilini.