Kona ya Kwanza

Watu hudhani sisi marubani wa kunyunyizia dawa mashambani tulikuwa tukifa kwa kuruka chini mno. Mimi nilipokuwa mita tatu juu ya ngano nilijiona salama: ndege imenyooka, mabawa yako sawa, macho yanatazama mbele. Marubani wenzangu niliowazika walianguka baada ya kumaliza mstari, wakigeuza ndege ili waanze mwingine.

Nilisomea urubani Soroti, Uganda, nikahitimu mwaka 1975. Miaka kumi baadaye nilikuwa Narok, nikirusha Piper Pawnee yenye injini ya nguvu-farasi 235. Ni ndege ya rubani mmoja. Hakuna mwalimu wa kukaa kando yako, kosa la kwanza unalifanya peke yako. Fred Weick, aliyeibuni, aliliweka tangi la dawa mbele ya rubani na kukiinua kiti nyuma ya tangi, ili ndege ikianguka, chuma kipondeke kabla ya mtu. Namheshimu sana kwa hilo.

Narok iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, hata injini ikapoteza karibu robo ya nguvu zake. Kwa hiyo tulianza kazi kukipambazuka, na ilitupasa tuwe tumemaliza kufikia saa nne. Lakini ugonjwa wa kutu umeingia kwenye ngano, mwajiri anahesabu ekari, na wapakiaji wamesimama na mpira wa dawa mkononi: "Tujaze, kapteni?" Tangi lilichukua zaidi ya lita 500. Nilizoea kusema jazeni.

Mwisho wa shamba unainua pua, unajitenga kidogo, kisha unairudisha ndege huku umegeuza shingo kumtafuta kijana wa bendera anayekuonyesha mstari unaofuata. Hapo ndipo penye hatari. Ndege ikilala digrii 60 bila kushuka, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wake, na mwendo ambao chini yake yanaacha kubeba unapanda kwa asilimia 41. Upepo ukiwa nyuma yako, ardhi inakimbia, nawe unadhani una mwendo wa kutosha. Unaona utaupita mstari, unavuta fimbo, unasaidia kona kwa mguu. Mguu huo ndio unaoua: bawa la ndani linaacha kubeba kwanza, ndege inapinduka na kuzunguka kama pia. Ukiwa mita 60 juu ya ardhi, huna nafasi ya kuizuia.

Asubuhi moja mwaka 1986, kwenye kona ya kwanza na tangi limejaa pomoni, fimbo ililegea mkononi mwangu. Ndege ikatetemeka, bawa la kushoto likazama. Nikavuta mkono wa kumwagia dawa yote wakati wa dharura na kuisukuma pua kuelekea chini, jambo ambalo mwili wote ulilikataa. Dawa ikamwagika kwa mkupuo, ndege ikarukia juu kama mnyama aliyefunguliwa kamba. Nilipita juu ya kijana wa bendera akiwa amelala kifudifudi kwenye ngano. Nilimsikitikia kwa dawa ile iliyomlowesha, na bado namsikitikia.

Mwajiri alinikata gharama ya dawa kwenye mshahara. Wenzangu wote walijua.

Miezi miwili baadaye mwenzangu alianguka kwenye kona kama ile. Mkono wa kumwagia ulikutwa mahali pake, haujavutwa. Alikuwa baba wa watoto watatu, na karo ilikuwa imekaribia. Ripoti iliandika kwamba rubani alipoteza udhibiti wa ndege. Sentensi hiyo si uongo, ila inaanzia mwisho wa habari. Habari yenyewe ilianzia kwenye karatasi ya mishahara na kwenye mpira wa wapakiaji.

Nilihama. Nilipokuja kuwa mkuu wa marubani mahali pengine, agizo langu la kwanza lilikuwa kwamba dawa iliyomwagwa ili kuiokoa ndege hailipwi na rubani. Kisha nilichukua rangi nyekundu, nikachora mstari kwenye kila tangi kwa mkono wangu: baada ya saa tatu asubuhi, msipite hapa. Mwaka huo tulimwaga mara tano. Marubani wote watano nilikunywa nao chai mchana ule ule.